Mlango Ulioachwa Wazi na Surua

Mambrui, Jumamosi

Bibi yangu, shikamoo. Natumai kadi hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako.

Leo nimekukumbuka sana. Salimu, mtoto wa shangazi, alipona surua juzi tu. Vipele vimekauka na macho hayamuumi tena. Asubuhi shangazi alimvisha kanzu ampeleke harusini, na huko watoto wengi wanakohoa. Nikasema, "Shangazi, bado mapema. Surua imetoka, ila mlango imeuacha wazi. Maradhi yoyote yataingia."

"Ehe! Daktari umekuja lini?" akacheka.

"Si yangu, shangazi. Ni maneno ya Bibi."

Akamvua Salimu kanzu taratibu, akasema, "Na mimi Mama alinifungia ndani mwezi mzima."

Unakumbuka uliponiambia maneno hayo nilipougua mimi? Niliinuka kitandani nikaenda kuufunga mlango wa ukumbini, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Mwaka huu mwalimu wa sayansi ametufundisha kwamba surua huudhoofisha mwili, ukashindwa kupigana na maradhi mengine hata baada ya vipele kwisha. Nilimsikiliza huku nikiuona mkono wako na kijiko cha papai.

Shangazi ameenda harusini peke yake. Nimemlisha Salimu papai, nikamweleza habari ya mlango. Sasa hivi ameinuka kwenda kuufunga.

Nakubusu mikono yote miwili.

Mjukuu wako,
Rehema