Maji Hayajasogea Hata Kidole

Jumatano, 7 Juni
Nimefika kituo cha nyuklia. Chumba cha wageni kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Wiki nzima ni mimi, fomu zangu, na bwawa la fito za urani zilizokwisha kutumika. Ziko chini ya mita saba za maji. Maji yakishuka, balaa. Ndiyo maana zamu husoma kipimo kila baada ya saa nne na kuandika daftarini, nami natumwa na mamlaka ya taifa kuhakikisha hawaandiki ndoto zao.
Kanuni: mkaguzi hali wala hanywi na anaowakagua. Hata hivyo, nilipokaa kantini meza nzima ilihama. Utadhani mimi ndiye mwenye mionzi!
Nimempigia mama. Mzima.

Alhamisi, 8 Juni
Fundi wa zamu wanamwita Babu Bwawa — miaka kumi na tisa yuko hapo hapo. Ndiye pekee anayeniongelesha. Ananiita mdogo wangu. Kaniwekea chupa ya chai mlangoni. Nimeirudisha imejaa. Akacheka: hata harufu hukuivuta?
Nimeivuta.
Mama mzima.

Ijumaa, 9 Juni
Mihuri yote ya ukaguzi iko sawa, hakuna iliyovunjwa. Fito zote zipo, nimezihesabu mara mbili kwa kamera ya majini. Chai imekuja, imerudi. Tumesimama kwenye korido dakika ishirini tukiongelea magoti, yake na yangu. Sijaongea na mtu muda mrefu hivyo tangu mke wangu aondoke. Aibu kuandika, lakini ndivyo.
Mama mzima.

Jumamosi, 10 Juni
Mvua. Mnara wa simu umekufa tangu alfajiri. Nimeshinda na madaftari ya Aprili. Nimefua soksi.
Mama mzima.

Jumapili, 11 Juni
Mnara bado. Kulala, kusoma, kulala tena. Upweke una harufu ya soksi mbichi.
Mama mzima.

Jumatatu, 12 Juni
Bora nisingeona. Kipimo cha maji kilipelekwa karakana kusahihishwa, tarehe 19 hadi 21 Mei. Hati ya karakana ninayo. Siku tatu ukutani kulikuwa na matundu ya skrubu tu! Zamu nyingine wameandika: kipimo hakipo, tumeshuka kupima kwa rula. Zamu ya Babu Bwawa: mita 7.02. Mita 7.02. Mara tisa, mwandiko safi kabisa.
Nimemwita. Hakukataa. Mdogo wangu, kasema, miaka kumi na tisa maji hayo hayajasogea hata kidole. Nishuke ngazi zote zile na goti hili? Niliandika ninachokijua.
Maji nimeyapima mwenyewe, yako salama. Hakuna aliyedhurika. Lakini nikiandika jina lake, leseni imekwenda, na amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Nisipoandika, mimi hapa nafanya nini?
Nimechoka. Nalala mapema.

Jumanne, 13 Juni
Chai imekuja kama kawaida. Safari hii na karatasi chini ya chupa: "Niliandika bila kupima." Jina na sahihi. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mnara umerudi, na mkuu wangu kapiga kutoka makao makuu: ripoti ifike kabla ya saa sita, na jina la yeyote aliyekosea liwemo.
Nikafungua shajara hii kutafuta siku niliyokabidhiwa madaftari. Jumamosi: mama mzima. Jumapili: mama mzima. Mnara ulikuwa umekufa! Sikumpigia. Na jana hata sikumkumbuka.
Nimempigia hapo hapo. Kapokea jirani yake. Anasitasita. Mama alianguka jikoni Jumamosi, mguu umevimba, hakanyagi. Alikataza nisiambiwe, eti niko kwenye kazi ya serikali. Nikamwambia mpe simu. Kasema amelala. Nyuma yake nikaisikia sauti ya mama, kavu: mwambie mzima.
Saa sita kasorobo. Fomu iko mezani, mstari wa jina mtupu. Nimemimina chai. Ya kwanza tangu nije. Nyingine imemwagikia mezani.
Babu Bwawa yuko mlangoni, anakitazama kikombe. Nimemwambia akae. Kaniuliza: umeshaandika?
Nimemjibu: bado. Mama yangu ameanguka, nami niliandika mzima bila kumpigia.