Kipimo cha Kuazima

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo nivumilie tu, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu. Mimi ni fundi wa makochi, nina mke, mtoto mmoja, na wa pili yuko njiani, sina tabia mbaya isipokuwa kuna mteja mmoja, dada anayeishi peke yake, aliniita kumbadilishia kitambaa cha kochi na kazi ya siku mbili ikachukua miezi miwili, nadhani umenielewa, na kinga hatukutumia kwa sababu alikuwa msafi na nyumba yake inanukia, sasa juzi amenipigia simu akasema kwa upole kwamba amepimwa, amekutwa na virusi na ameshaanza dawa, akaniomba nami nikapime, nikamwambia asante lakini mimi nilishapimwa, maana mke wangu alipimwa kliniki mwanzo wa ujauzito, kabla hata sijalijua lile kochi, akakutwa hana, na tunalala kitanda kimoja, tena mimi nina afya, suruali zote zinanibana, lakini tangu ile simu napigilia misumari vidoleni badala ya kwenye mbao, na mke wangu anasema nesi ameomba Jumatatu twende wote, naye amefurahi mpaka amenipigia pasi shati. Nikiliangalia lile shati nataka kulia. Nitafutie kisingizio kizuri ambacho hakitamuudhi, maana nampenda sana.

Fundi Makochi, roho juu

Fundi,

Mapenzi yako kwa mkeo yamenigusa, hasa ile miezi miwili. Visingizio vimeniishia, wanaume wenzako wameshavibeba vyote.

Kwa hiyo mkeo alitobolewa kidole, na wewe ukapona. Hongera, ila kipimo hakiazimwi. Majibu yake yalieleza damu yake, ya wakati ule, kabla hujaenda kubadilisha vitambaa vya watu. Hata watu waliooana, mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo, mpaka siku bahati inapowaishia.

Suruali kubana ni habari ya tumbo. Virusi vikiingia, wengine hupata homa kidogo, wengine hawasikii kitu, kisha vinakaa miaka vikimaliza kinga ya mwili kimyakimya. UKIMWI ndio mwisho wa safari hiyo kwa asiyetumia dawa. Umeshafungua makochi mangapi yanayong'aa nje na ndani mchwa wamemaliza mbao? Na hiyo nyumba inayonukia haihusiani. Virusi hupita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, tumboni, wakati wa kujifungua au kunyonyesha.

Rudia kusoma hapo pa mtoto. Mkeo akiambukizwa sasa, na mimba hiyo, virusi vinakuwa vingi mwilini mwake na mtoto yuko humo humo. Hapa sitanii, nimekasirika.

Kapime leo, usingoje Jumatatu. Ukikutwa huna, usicheze ngoma, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana; rudia miezi mitatu ikitimia tangu mara yako ya mwisho kwenye lile kochi. Kwa sasa ni kondomu au mkeka sebuleni. Ukikutwa navyo, anza dawa mara moja. Ukizimeza kila siku mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo cha wingi wake, na usiache kuzimeza, hutamwambukiza mtu kwa ngono, na utazeeka ukilalamikia magoti kama wenzako.

Jumatatu vaa shati lako. Mwambie mkeo kila kitu kabla hamjaingia kwa nesi, au mbele ya nesi ukiogopa, naye apimwe upya. Atalia, na ana haki. Hata akikutwa navyo, akianza dawa mapema mtoto anaweza kuzaliwa salama. Ila hawezi kumeza dawa ya kitu alichofichwa.

Halafu mpigie yule dada umwombe radhi. Alimeza aibu yake akakupigia, ili apone mtoto ambaye si wake. Wewe baba wa mtoto umeniandikia kuomba kisingizio.