Tivi ya Kutazamwa Ubavuni

Jumamosi, Isongole

Nina miaka sabini na nane. Redio zangu zote nimezizidi umri, na mafundi wake nimewazika. Muuza tivi wa Tunduma ndiye anifundishe mimi kuchagua?

Kila aliyowasha niliichungulia ubavuni. Akacheka. "Mzee wangu, tivi inatazamwa mbele!"

"Washa nyingine."

Nyingi ukisimama pembeni sura zinapauka kama majivu. Kwa nini? Hata yeye hajui. Moja tu haikupauka. Ni ndogo kuliko niliyoitamani, lakini nikaichukua, na sabufa yake.

Sababu sikumwambia. Sisi Wandali, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaketi chumba kimoja. Mwanangu alipofariki, mkewe angeweza kurudi kwao. Alibaki. Na jioni zote mimi niko sebuleni natazama tivi yetu ya zamani, yeye yuko jikoni anasikia sauti tu. Akicheka, ni baadaye, mke wangu akishamsimulia.

Leo nimeisukuma tivi mpaka kona ya mbali. Nilikuwa na wasiwasi, maana kama picha haifiki huko jikoni...

Mke wangu alisimama mlangoni mwa jikoni, pazia amelivuta kidogo. "Bado, mzee! Anaona sikio la msomaji habari!"

Nikaigeuza kidogo.

"Sasa na pua!"

Nikaigeuza tena. Baadaye mchekeshaji mmoja akateleza kwenye matope. Nikacheka, na nyuma ya pazia la jikoni pakachekwa papo hapo.

Asiyeamini amuulize mke wangu. Alikuwa katikati, akavisikia vicheko vyote viwili.