Kifaru ya Minyororo na Shamba ya Mama Germaine

Mantapala, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Baba Chouchou,

Jambo yako sana. Uko muzima? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Sisi huku tuko bazima, Mungu anatulinda. Chouchou anasimama kwa kushika mutungi, kiisha anatuangalia sawa mukubwa wa poste anangojea tumusalimie.

Mama yangu anakusalimia kwa mbali, sawa desturi inataka. Asubui, mbele ya kunawa uso, anauliza: «Mukwe amesema nini juu ya shamba?» Mimi: «Mukwe hajasema.» Yeye: «Basi umuandikie.» Basi nakuandikia.

Ku biro ya kurudia Congo, hapa kambi ya wakimbizi, walituita. Walisema ule anataka kurudia aandikishe jina mbele ya mvua. Nyumba za Kasonta najua ziko safi, bantu bamesharudia, hata kuku zao nasikia zimezaa. Lakini shamba ya Mama, ng'ambo ya kijito, njo ile munatafutamo mabombe yenye vita iliacha chini ya udongo. Bila shamba tutakula nini, udongo wa ukuta? Donc nangojea neno lako: niandikishe ao nisiandikishe?

Ningekupigia, lakini simu hamuingie nayo kazini, na reseau ya Kasonta iko sawa ndoto: ukiikamata inakimbia. Afazali barua mu bwato ya Dédé, yenye inavuka ziwa. Naandikia hapa soko ya Nchelenge, samaki imekauka mbele yangu, ziwa imelala kabisa. Kuna saa naona inchi yetu inaelea kule mbali, kidogo tu juu ya maji, kiisha inayeyuka.

Usiniambie juu ya kazi. Kazi inaniogopesha. Niambie jioni munafanya nini.

Ni mimi bibi yako,
Mama Chouchou


Kasonta, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Mama Chouchou wa roho yangu,

Barua yako ilinifikia na harufu ya samaki, nikakaa nayo mbele ya kuifungua. Niko muzima. Kikohozi kinakuja, kinaenda, sawa mugeni mwenye anajua mulango. Chouchou anakula? Miguu yake iko na nguvu? Mama mukwe umusalimie kwa heshima yake yote.

Jioni tunacheza vita. Usicheke. Kuko fundi wetu wa mashine, Kabaso, mutu wa Zambia. Muzungu mumoja alimuachia sanduku ya mchezo. Ndani kuna karata kubwa, ni kusema ramani ya inchi, imekatwa-katwa vyumba vidogo sawa masega ya nyuki. Baaskari ni vipande vya kartoni na namba: ya kushoto ni nguvu, ya kuume ni hatua. Kabaso anacheza sawa mutu wa soko, anasema sana, kumbe anaficha vifaru nyuma ya kilima. Alinipiga mpaka nikamuambia: «Bwana Kabaso, hata vita yenyewe ilitupiga polepole kuliko wewe.»

Sasa iko shida moja. Ile mashine yetu ya kazi, kifaru ya minyororo, haiko mu sanduku. Unajua vile iko: mbele ina ngoma ya chuma, ngoma inazunguka, minyororo inapiga udongo, bombe inapasukia pale bila mutu. Kabaso anasema tukate kartoni, tuandike jina, imekwisha. Mimi nasema hapana, mutu akiangalia aone inapiga. Wewe njo mwenye mikono. Kipande kiko kidogo sawa kucha ya kidole gumba. Utafanya namna gani kionekane kinapiga?

Kanuni tuliyopata ni hii. Kipande kina pande mbili. Upande wa minyororo juu, inatembea sawa kifaru ingine. Upande wa minyororo chini, inasogea chumba kimoja tu, haipigi adui, na haioni kitu, sababu vumbi yake yenyewe inaifunika. Ukitaka kukipindua unapoteza zamu. Juu ya chumba kinachobakia nyuma yake, Kabaso na mimi tunabishana bado. Tukielewana nitakuandikia.

Nakutumia karata niliyochora ya Kasonta yetu: kijito, kanisa, nyumba, shamba ya Mama. Mucheze, muache kuniwaza. Jina usiandikishe kwanza. Ngojea.

Ni mimi bwana yako,
Baba Chouchou


Mantapala, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Baba Chouchou,

Jambo na jambo tena. Hatujambo. Mutoto alipata homa kidogo, dispensaire ilimupa dawa, leo anacheka na kila mutu hata na mbuzi. Wewe, unalala muzuri?

Nimekitengeneza kipande chako. Nilikata kartoni ya sabuni. Mbele nilifunga nyuzi za wavu mukukuu, fupi, na kila uzi nikaufunga fundo ku mwisho. Ukisukuma kwa kidole, mafundo yanaruka-ruka. Tata Jairos jirani alikiona akasema: «Ii, hii inapiga kweli.» Upande wa minyororo juu nilizibandika nyuzi na gundi, zinalala. Nimetengeneza viwili. Kimoja nakutumia kwa Dédé, umuonyeshe Kabaso wako.

Mabombe ni mbegu za maboga. Chouchou alikula bombe moja, hatukupata namna ya kuitosha ku tumbo, tukaendelea na vita.

Kanuni ya chumba cha nyuma hukuandika, basi tuliipata wenyewe. Si wewe unajua vile tunafanya mu matete ya ziwa: bwato kubwa inatangulia, inalaza matete, na sisi bote na mabwato madogo tunapita nyuma yake bila kuogopa? Basi vile vile. Kifaru ikipita tunaondoa mbegu, na njia imefunguka kwa kila mutu. Mama njo alisema vile, na rafiki yangu Jeanine akasema ni haki.

Nikuambie kitu. Sasa hakuna mutu anacheza vita tena. Jeanine alitupa kando baaskari bote, akaweka vifungo vya nguo: hiki ni mimi, hiki ni mama yangu, hiki ni mbuzi. Jioni tunatandika karata, kifaru inatangulia polepole na mafundo yake, sisi tunafuata. Tunapita kanisa. Tunavuka kijito. Mama anafika ku shamba yake, anaacha kidole chake pale, anafunga macho. Mara moja niliuliza: «Mama, uko unaona nini?» Akanijibu: «Nyamaza, niko napanda.»

Mimi mwenyewe usiku nalota ndoto, niko natembea mu masega ya nyuki, na kila chumba kina mulango, na kila mulango uko wazi.

Roho yangu inasema tuandikishe. Niambie.

Mama Chouchou wako


Kasonta, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Mama Chouchou,

Mungu awe karibu na nyinyi. Homa ya mutoto imeisha kabisa? Mujilinde na mbu. Mimi niko muzima.

Kipande chako kilikuja. Kabaso alikisukuma, mafundo yakaruka, akakisukuma tena na tena sawa mutoto. Alisema kwa Kibemba ya kwao kwamba bibi yangu angepaswa kuwa fundi, mimi nipike.

Lakini kanuni yenu hapana. Tafazali, muibadilishe leo hii. Kifaru ikipita, usiondoe mbegu. Uipindue tu, upande wa tumbo juu. Maana yake: chumba kimepigwa, lakini hakijakuwa safi. Minyororo inaruka fasi yenye jiwe, inaruka fasi yenye muzizi. Bombe ingine inazikwa chini zaidi. Kiisha lazima mutu apite na chombo cha kusikiliza chuma, magoti chini, kiisha imbwa anapita na pua yake. Imbwa akishapita, njo unaondoa mbegu. Mutu anayeingia mu chumba chenye mbegu iliyopinduliwa anahatarisha maisha yake.

Matete yanalala kwa bwato, ni kweli. Udongo haulale.

Tumeanza kupiga shamba ya Mama wiki hii. Umuambie polepole, asijazwe na furaha kupita.

Baba Chouchou


Mantapala, tarehe 2 mwezi wa kenda 2024

Baba Chouchou,

Uko wapi saa hii? Uko muzima? Nakuandikia haraka, uvumilie mukono wangu.

Motere ya bwato ya Dédé ilikufa njiani, pa Puta, alikaa kule kutafuta kipande chake. Barua yako nimeipata leo. Mama ameshaenda.

Kulikuja muchuuzi wa samaki kutoka ng'ambo, akasema pa soko: «Mashine nimeiona na macho yangu, imeshapita shamba ya Mama Germaine, kutoka mwisho mpaka mwisho.» Mama alisikia. Hakulia, hakucheka. Alirudia nyumbani, akatandika karata peke yake, akaondoa mbegu zote za shamba. Mimi nilizani anacheza. Asubui kitanda chake kilikuwa baridi, lukasu yake ya kulimia haiko. Jeanine anasema alimuaga vizuri: «Naenda kupanda. Njia imefunguka.» Alipanda bwato ya wale bachuuzi.

Ni mimi nilikubali ile kanuni. Ni mimi nilimuonyesha.

Natuma hii na kijana wa Dédé, akimbie. Baba Chouchou, umutafute mama yangu. Hata desturi usiiangalie.

Mama Chouchou


Kasonta, tarehe 6 mwezi wa kenda 2024

Mama Chouchou,

Neno la kwanza: Mama ni muzima. Viungo vyake vyote. Kaa chini, umushike mutoto, ndio uendelee kusoma.

Barua yako ilinikuta tumeshamuona. Saa ile mashine ilikuwa imezimwa, tunakunywa maji. Kabaso akasema: «Mama gani ule?» Nikaangalia. Alikuwa amepita chini ya kamba nyekundu yenye inazuia bantu, lukasu ku bega, anafuata alama ya kifaru, muguu moja mbele ya mwingine, taratibu, sawa mutu anaingia kanisa. Alikuwa ameshafika mbali.

Nikaita: «Mama, simama.» Kumbe nimekosea. Wewe unajua, tangu nikuoe mama yako na mimi hatujaangaliana uso. Akisikia sauti yangu anapaswa kunipisha. Basi akafunika kichwa na kitenge, akanipa mugongo, na kwa heshima yake, akatoka pembeni ya alama ili mukwe apite. Akakanyaga fasi hakuna chochote kilipita.

Nikamuambia Kabaso: «Wewe muite. Wewe si mukwe.» Kabaso akaita kwa Kibemba: «Mayo, iminineni apo pene.» Simama pale pale, mama. Akasimama. Kwa mugeni angeweza kusimama.

Chef wetu wa kazi hakutaka niende. Nilienda. Nikakamata chombo cha kusikiliza, nikatambaa, nasikiliza udongo kila kidogo, jua linatupiga, naye anasimama tu, kitenge ku uso. Nilimusikia anaimba polepole ule wimbo wa kuomba mvua. Nilipofika karibu akasema kutoka ndani ya kitenge: «Mukwe, usinishike.»

Nikasema: «Mama, leo siko mukwe. Niko ile kifaru. Wewe ufuate nyuma.»

Kiisha akatosha mukono nje ya kitenge. Nikaushika, mama Chouchou. Mukono wake ni mudogo kuliko vile nilizani. Tukarudia, mimi mbele, yeye anatia muguu mu alama ya muguu wangu, mpaka kamba.

Alipokaa chini, bantu bote wanaangalia, akafunua kitenge, akaniangalia uso kwa mara ya kwanza, akasema: «Umeshika mukono wa mama mukwe mbele ya bantu. Kuku ya kuniondolea haya iko wapi?» Tulicheka mpaka Kabaso akalia. Kuku nilimupa jioni, jogoo nyeupe. Aliipokea na akafunika uso tena, basi desturi imerudia nyumbani kwake.

Kesho yake, pembeni ya fasi alisimama, mwenzetu mumoja alisikia chuma chini. Tukaipasua. Mama aliisikia kutoka nyumbani.

Anakataa kurudia Mantapala. Ameezeka upande moja wa jikoni yake ya zamani. Shamba haitakuwa safi mbele ya mvua hii. Labda mvua ya mwaka ujao. Sikufiche. Imbwa wako wawili tu, na mawe ni mengi.

Wewe usijihukumu. Ni mimi niliacha kanuni nusu.

Baba Chouchou


Mantapala, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Baba Chouchou wa Chouchou na wa mimi,

Jambo yako. Asante. Nimeandika asante, nimefuta, nimeandika tena, haienee kwa kile ulifanya. Sisi tuko bazima. Mutoto ametembea. Alitoka ku mutungi akaja kwangu, fasi yote ile bila kushika kitu, kiisha akashangaa mwenyewe.

Barua yako niliisomea bamama bote. Kwa mukono wa Mama walilia, kwa jogoo walipiga makofi. Jeanine alisema: «Mukwe sawa hii, hata mimi ningeingia mu mabombe.» Nikamuambia atafute wake.

Sasa tunacheza na kanuni yako. Tata Jairos alibisha: mashine kubwa namna ile, inaachaje kitu? Nikamuuliza: ukitwanga sombe, majani ya muhogo, hata utwange mpaka mukono uume, chini ya kinu hakubakie jani muzima? Lazima utie vidole. Akakubali. Mbegu tunazipindua, na mutu akifika kwa mbegu yenye tumbo juu anakaa, anangojea. Mchezo umekuwa murefu sana. Jana hakuna mutu alifika nyumbani. Walienda kulala wamechoka, lakini leo wamerudia, wamekaa, wananiambia: tandika.

Mimi nilienda ku biro. Nimeandikisha: mimi, Chouchou. Usikasirike. Najua shamba haiko tayari. Nitauza samaki pa Kasonta sawa vile nauza hapa, na nyuma ya nyumba nitalima kile kipande kidogo cha sombe, kinatosha sufuria. Sitaki tena kungojea kwa ng'ambo ya ziwa. Kama ni kungojea, nitangojea pale Mama anangojea, nikiona imbwa anapita.

Dédé anasema siku ya mposho, ni kusema Jumamosi, upepo utakuwa muzuri. Uje ku bandari. Chouchou sasa ana miguu, na anakimbilia kila kitu chenye rangi. Basi tukishuka mu bwato, usituonyeshe nyumba kwanza, hata Mama usituonyeshe kwanza. Utupeleke ku ile kamba nyekundu ya shamba. Nataka aijue mbele ya kitu kingine chote.

Ni mimi bibi yako,
Mama Chouchou