Magunia ya Nkowe

Jumatatu, 3 Novemba 2008
Nimekata korosho za kupima ubora tangu asubuhi. Mafuta ya maganda yamenibabua vidole tena. Mzigo wa kijiji cha Nkowe umeingia ghalani. Kavu kabisa, nyeupe ndani. Bi Somoe, mkulima, kaja nao mwenyewe mpaka hapa Nachingwea. Alisimama pembeni yangu mpaka nikamaliza kupima. Nimeandika daraja la kwanza na kusaini bila wasiwasi.

Alhamisi, 6 Novemba
Lori la kwenda bandarini haliondoki. Meli inayosubiriwa Mtwara imezuiwa na tufani upande wa India. Mwaka wa pili huu. Na mvua imeanza mapema, watu bado wanaokota korosho. Misimu imevurugika, huko baharini na huku kwetu. Bati la ghala lina matundu. Niliandika barua mwezi Julai. Kimya.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua haijakata. Maji yanachuruzikia magunia ya Nkowe. Nimeomba maturubai. Meneja wa ghala kasema hana. Anayo mawili. Yamefunika mbao zake za kujengea, nyuma ya ofisi. Nimetema mate.

Ijumaa, 14 Novemba
Meli imefika. Tumefungua magunia. Uvundo. Ukungu wa kijani mpaka katikati ya gunia. Kila niliyokata, nyeusi.

Jumatatu, 17 Novemba
Meneja kaandika taarifa: wakulima wa Nkowe walileta korosho mbichi, wakaficha mbichi chini ya kavu. Kaniachia nafasi ya sahihi. Mwezi uliopita alituhutubia asubuhi nzima juu ya mabadiliko ya tabianchi. Leo hakuna tabianchi, hakuna meli, hakuna bati. Kuna Bi Somoe tu.

Nilikuwa na mkebe wa sampuli, zile nilizochota siku mzigo ulipoingia. Bado kavu. Nikampelekea meneja. Akazimwaga dirishani, kwenye matope.

"Una watoto shuleni, bwana mpimaji," akasema. Kwa upole, shenzi yule.

Nimesaini. Najichukia.

Alhamisi, 20 Novemba
Nkowe wametangaziwa. Mzigo wao wote umeshushwa daraja. Nasikia wanagombana wenyewe kwa wenyewe, nani hakuanika, nani alianua mapema. Ghala hakuna anayelitaja. Meneja anacheka na watu sokoni. Nikimwona natazama pembeni. Nikijiona kwenye kioo pia.

Jumamosi, 22 Novemba
Bi Somoe kaja nyumbani, kaloa. Nikajua kaja kunitukana, na nilitaka anitukane. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, nisamehe," akasema. "Wewe ulituamini, ukatuandikia vizuri. Sisi tumekuaibisha kwa wakubwa zako."

Nikamwita mke wangu alete chai. Bi Somoe akanywa, akashukuru. Kasema mwakani korosho atazianika siku mbili zaidi.