Diski Mpya, Jina la Mama

Jumanne, 2 Septemba

Kompyuta imekohoa tena. Ko-ko-ko, kimya, halafu inaendelea kama mtu aliyejamba kwenye kikao. Diski ya ndani ndiyo inayokufa. Miaka kumi na mmoja inazunguka. Hata mimi ningechoka.

Mama Shamim kausikia mlio toka jikoni, akaja na mwiko mkononi. "Baba Shamim, sauti za Mama zimo humo. Usiniletee mchezo."

Najua zimo. Mwaka jana, kabla kiharusi hakijamchukua mama yangu ulimi, mke wangu alikuwa akijifungia naye chumbani kila Alhamisi, anamrekodi kwa simu. Maneno ya somo, yaani kungwi, yale anayofundwa mwari kabla ya kuolewa. Ya Shamim, binti yetu. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka. Alisema hajui kama siku ikifika atakuwa na ulimi. Ni kama alioteshwa.

Simu imeshaibwa. Zimebaki za kwenye kompyuta. Arusi tarehe ishirini. Mimi nimepigwa marufuku kusikiliza hata neno moja: mambo ya wanawake. Kazi yangu ni diski.

Jumatano, 3 Septemba

Nimesoma siku nzima kati ya mteja na mteja. Mafundi wa magari hapa Kisenyi wananijua kwa gasketi na beringi. Hawajui kwamba chini ya kaunta nasoma habari za diski. Sikusomea chochote mimi. Nimejifundisha kwa kuchungulia.

Nilichokipata: SSD, diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka, ni chipu tupu, kwa hiyo haikohoi. Ubaya wake ndio huohuo. Ya zamani hukohoa kabla ya kufa. Hii hulala nzima ikaamka maiti. Kwa hiyo nataka yenye jina, yenye dhamana ndefu, isiyo feki. Katika mji huu la tatu ndilo lenye kazi.

Alhamisi, 4 Septemba

Karatasi ya sokoni ya mke wangu: mchere, sukali, kalanga, piripiri.

Miaka ishirini na minne ya ndoa, na bado kwa Waganda l na r zinabadilishana viti. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama kawaida yangu. Sisi ambao babu zetu walikuja na Kiswahili toka pwani tuna wajibu. Kanitazama tu. Kaenda soko la Nakawa, karudi na vyote. Muuzaji hakulalamikia tahajia.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimenunua. Kwa Musa, fundi wa kompyuta, ghorofani, nyuma ya wauza matairi. Alikuwa na mbili mezani. Moja kubwa, ya jina ambalo sijapata kulisikia, bei ya kucheka. Nyingine ndogo, nusu ya nafasi ya ile, ya kampuni inayojulikana, dhamana miaka mitano. Nikauliza inavumilia kuandikwa mara ngapi. Nikauliza ikoje umeme ukikatika ghafla. Nikaomba lenzi niangalie muhuri wa boksi. Nikaingiza namba yake kwenye tovuti ya wenye kiwanda, ikakubali.

"Mzee," Musa akasema, "maswali yote hii, unanunua diski ama unaoza binti?"

"Vyote viwili."

Akacheka. Nimechukua ndogo. Kheri kidogo cha kweli. Kasema nisiijaze pomoni, niache kama sehemu moja kwa tano wazi, ndiyo itaishi. Nimeandika mkononi nisisahau.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeijaribu kwanza. Nimeijaza takataka mpaka mwisho, nikazisoma zote tena, nikazifuta. Feki hushindwa hapo. Hii haikushindwa. Halafu nikahamisha kila kitu toka diski ya zamani, nayo inakohoa njia nzima. Imefika.

Kompyuta inawaka kabla sijamaliza kuvuta kiti. Nimejisikia mtu mwenye akili. Nimemwita Mama Shamim aje aone. Akasema, "Vizuri," akarudi kwenye vitunguu.

Jumatatu, 8 Septemba

Usafi. Diski imejaa mno, na Musa alisema moja kwa tano. Zimeondoka filamu, mechi za mpira, picha za mbuzi wa Idi tatu tofauti. Nakala za nakala.

Nikakuta folda mbili zenye jina la Mama. MARIAMU, yangu: karatasi za hospitali, picha za pasipoti, sauti. Na MALIAMU. Nikacheka peke yangu. Mke wangu alianza vibaya, mimi nikaja nikaweka sawa, na yake ikasahaulika. Faili zinaanza vilevile: sauti 01, sauti 02. Nakala.

Nikaigusa sauti 01 ya MARIAMU nihakikishe. Mama anasema Bismillahi. Nikazima hapohapo, marufuku ni marufuku. Nimejisifu kwa adabu.

Nimefuta MALIAMU. Nikamwaga na pipa la taka.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeifungua diski ya zamani kwa bisibisi. Miaka yote nataka kuona ndani. Kuna sahani inang'aa kuliko kioo cha kinyozi. Nimeushika uso wake kwa kidole, ukabaki na alama ya grisi. Ndani kuna sumaku mbili kali sana. Zinashika visu vya jikoni vizuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua. Biashara hakuna. Kompyuta safi. Shamim kapimwa gauni.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijui niandike vipi.

Baada ya alasiri Mama Shamim aliketi kwenye kompyuta apange sauti za kusikiliza Alhamisi hii, siku ya kumsinga liwa na kumfunda bi arusi. Mimi nikatoka nje, kama ipasavyo. Hakukaa. Akaja mlangoni.

"Folda yangu iko wapi?"

Nikamwambia iko pale pale, Mariamu.

"Hiyo ni yako. Humo Mama anasoma Bismillahi, anakuuliza kama hiyo simu inanasa, halafu mnabishana kuhusu chai. Faili mbili. Zangu kumi na tisa."

Nikaingia kuangalia mwenyewe.

Nilikumbuka. Siku ya Idi mwaka jana nilijaribu kinasa sauti cha simu yangu, nikaziweka kwenye kompyuta, nikazipa majina, nikazisahau. Sauti 01, sauti 02.

Nimemwambia ukweli. Nimefuta kwa sababu iliandikwa vibaya. Niliyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema, "Haikuandikwa vibaya. Sisi Waganda r tunaiweka baada ya e na i tu. Kwingine kote ni l. Mchere. Piripiri. Sukali. Maliamu. Nilifundishwa darasa la pili. Hujawahi kuuliza."

Nimeirudia karatasi ya sokoni kichwani, neno kwa neno. Hakuna hata moja alilolikosea. Miaka ishirini na minne nasahihisha mtu mwenye kanuni.

Jumanne, 16 Septemba

Nilikuwa kwa Musa kabla hajafungua mlango. Kompyuta kwapani.

Kajaribu kila alichonacho. Halafu akaondoa miwani. "Mzee, ile diski ya kitambo ukifuta, kitu inabaki imelala tu, tunaamsha. Hii mpya ukifuta, yenyewe inafagia. Nzuri ndiyo inafagia sana."

Nilichagua nzuri.

Akauliza ya kitambo iko wapi. Nimemwambia nilivyoifanya. Kidole, grisi, sumaku. Hakucheka. Alisema, "Pole, ssebo," yaani bwana, na kwa Musa hiyo ni hotuba nzima.

Si diski iliyoniangusha. Zote mbili zilifanya kazi yao. Ya zamani ilinionya wiki nzima ikinikabidhi kila faili. Mpya ilitii. Na folda yenyewe haikuwa hata na uzito, filamu moja ya Kihindi inaimeza mara mbili. Niliifuta kwa ajili ya herufi.

Nimekaa na Mama jioni. Kamshika Shamim mkono, anaupapasa. Hajui. Sikumwambia. Woga, si huruma.

Alhamisi, 18 Septemba

Wanawake wamejaa ndani. Liwa inanukia hadi barabarani. Nimefukuzwa tangu saa nane, nikaenda Ggaba, ziwani, kuangalia samaki nisiowahitaji.

Asubuhi Mama Shamim hakusema na mimi zaidi ya neno "ondoka". Ila nilimsikia chumbani kwa Mama, mlango umefungwa, anasema peke yake, anasita, anaanza upya. Kama mtoto wa madrasa anayerudia sura.

Najuta. Nimeandika neno hilo mara tatu na kulikata. Haliongezi kitu.

Jumapili, 21 Septemba

Jana wameoana. Shamim kaenda kwake. Nyumba ina viti vya kukodi na vikombe vya watu.

Leo Mama Shamim amezungumza nami, tunaosha sufuria. Kasema Alhamisi yeye ndiye alikuwa somo. Alimkalisha Mama upande wa kulia wa mwari, akasema alichokumbuka katika yale kumi na tisa. Yaliyomo hakunieleza, wala sikuuliza. Nusu labda, kasema. Pungufu ya nusu.

Alipokosea, Mama alimgonga goti kwa ule mkono mzima. Anarudi nyuma, anasema tena, mpaka goti linaachwa.

Mara mbili alikwama kabisa. Akamgeukia Mama. Mama akafungua mdomo, akasukuma, shingo ikasimama mishipa.

Wanawake wote wakangoja.

Halafu Shamim akamfuta mate kwa kanga yake, na wakaendelea na neno linalofuata.