Picha ya Bibi Yako

Guangzhou, Jumanne

Mjukuu wangu Neema,

Huku tu wazima, ila baba yako anakohoa kidogo. Umeniuliza kwa nini nina sanduku zima la picha za India na sina hata moja ya bibi yako.

Asubuhi ya mimi kuondoka kwenda kazini India, alisimama mlangoni na gauni la maua ya njano. "Bwana mpiga picha, na mimi je? Au mpaka niwe Mhindi?"

Filamu nilizipangia kazi ya mwaka mzima. Nikafyatua kamera tupu, kama sisi wapiga picha tulivyozoea kuwaridhisha watoto. Akacheka, akashukuru. Kwenye shajara nikaandika: "Nimempiga picha mke wangu."

Kila barua yake iliyonifikia India iliuliza kama picha imetoka vizuri. Nilijibu kwamba bado haijasafishwa; nilipanga kumpiga picha nikirudi. Nilirudi na filamu tatu zilizobaki, nikaonyeshwa kaburi lake.

Jana sokoni Zhongda nimeona kitambaa cha maua yale yale. Baba yako atakuletea. Kishone, usimame mlangoni, upigwe picha, unitumie. Nitaibandika kwenye ukurasa ule wa shajara.

Babu yako